Pochi Iliyofunguliwa Mara Nne: Uchambuzi wa Kisa cha Wizi Katika Stesheni ya Tabora

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Kisa hiki kilimpata mwanachama wa kikundi chetu cha akina mama wanaofanya biashara ya dagaa mkoani Kigoma, nami kama katibu nimekiandika kwa idhini yake, baada ya kukaa naye mara tatu na kuzungumza pia na binti wa dada yake aliyesafiri naye. Majina, tarehe na alama nyingine zinazoweza kumtambulisha mtu zimeondolewa. Mhusika nitamwita Mama D., na wenzake wawili ambao aliuza mzigo kwa niaba yao nitawaita Mama R. na Mama S. Viwango vya fedha nimeviacha kama alivyonitajia, kwa sababu bila kuviona msomaji hataelewa uzito wa kila uamuzi aliofanya.

Katika kikao cha kwanza baada ya tukio, wengi wetu tulisema kwamba ni bahati mbaya, na mmoja akadai kuwa vibaka wa siku hizi wana dawa, hata ukijihadhari vipi watakuchomolea tu. Sikuridhika na maelezo hayo, kwa kuwa jambo likishaitwa bahati mbaya hakuna anayejiuliza afanye nini safari ijayo. Tulipolifuata tukio kwa kurudi nyuma, kutoka mlangoni mwa behewa hadi sokoni, ilionekana wazi kwamba pochi ile ilichukuliwa kwa sekunde chache tu, lakini ilikuwa imejitangaza kwa muda wa saa 10.

Mazingira

Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hizo hazina nguvu ya kuwavuta, hivyo wavuvi wengi hupumzika wakisubiri giza lirudi. Siku hizo za mapumziko ndizo sisi huzitumia kupeleka mzigo mikoani na kurudi na fedha, kwa maana giza linapoanza ni lazima mnunuzi awepo mwaloni Kibirizi alfajiri, fedha zikiwa mkononi, la sivyo mzigo mzuri huchukuliwa na wenye magari. Mama D. alikuwa na siku mbili tu kabla ya giza. Haraka yake ilikuwa ya kweli.

Serikali ilipofunga shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wengi wetu tulikula mitaji, na tangu hapo imekuwa kawaida kwetu mwanamke mmoja kusafiri na mzigo wa wawili au watatu ili nauli igawanywe. Kwa utaratibu huo, Mama D. aliuza viroba vyake pamoja na vya Mama R. na Mama S. kwa mnunuzi mmoja mjini Tabora, akapata jumla ya shilingi 760,000. Kati ya hizo, 380,000 zilikuwa zake, 260,000 za Mama R. na 120,000 za Mama S.

Nilimuuliza kwa nini hakuziweka kwenye simu kwa wakala. Alisema kwamba angekatwa wakati wa kuzitoa Kigoma, na kwamba mvuvi wa alfajiri hangoji wakala afungue. Sababu hizo mbili nazijua, nami nimewahi kuzitumia mwenyewe. Ya pili ina mashiko, lakini ya kwanza, nitakavyoeleza mbele, ilimgharimu zaidi ya makato yoyote.

Stesheni ya Tabora nayo ina tabia yake. Hapo ndipo reli inapogawanyika kwenda Mwanza na Kigoma, na abiria wa Mpanda nao hupitia hapo kabla ya kuachana na njia ya Kigoma pale Kaliua. Kwa hiyo treni inapofika usiku, abiria wa pande zote, wasindikizaji, wachuuzi na wapagazi hujaa kwa wakati mmoja, na wengi hukimbia na mizigo yao wakitafuta behewa lao. Mwizi hahitaji kutengeneza msongamano mahali ambapo treni yenyewe huutengeneza.

Mfululizo wa matukio

Saa 10 alasiri, mnunuzi alimlipa Mama D. dukani kwake, sokoni. Alihesabu noti mezani, mlango ukiwa wazi na watu wakipita, kisha akazitia katika pochi kubwa ya zipu ambayo ndani yake mlikuwa tayari na kitambulisho chake cha Taifa na simu yake ndogo ya kitochi. Pochi akaitia katika mkoba wa kitambaa wa kuning'iniza begani. Huko ndiko kufunguliwa kwa mara ya kwanza.

Jambo moja alilifanya tofauti. Mama S., ambaye ni mtu mzima kuliko sisi sote na aliyewahi kuibiwa sokoni Mwanga, mjini Kigoma, alikuwa amempigia simu asubuhi ile na kumsisitiza, "Mwanangu, hela yangu usiitie kwenye mkoba, ifunge kiunoni." Mama D. aliona ni wasiwasi wa uzee, lakini kwa heshima alizitenga zile 120,000, akazifunga katika leso na kuzitia kibindoni, chini ya kitenge.

Jioni alinunua madumu mawili ya asali ya kwenda kuuza Kigoma, akalipa kutoka katika pochi ileile. Alipofika stesheni na bajaji alimlipa dereva, na kwa kuwa hakuwa na noti ndogo, ilimbidi apekue katikati ya noti za elfu kumi chini ya taa ya barabarani, dereva akisubiri na vijana wawili watatu wakiwa wamesimama kando. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya nne ilikuwa kwa muuza chai, majira ya saa 5 usiku, alipotoa fedha ya chai na chapati kwa ajili yake na binti.

Kuanzia hapo hadi treni ilipofika, alikaa juu ya moja ya madumu yake, mkoba mapajani, na kila tangazo lilipotolewa au watu walipoinuka, aliupapasa mkoba kwa nje kuhakikisha pochi ipo. Yeye mwenyewe hakukumbuka kufanya hivyo. Ni binti aliyeniambia kwamba mama alikuwa "anaishika ishika muda wote".

Treni iliingia karibu saa 8 usiku. Binti alitangulia mbio kuwahi nafasi ya kuweka mizigo, akiwa na begi la nguo. Mama D. alibaki na madumu mawili, kifurushi cha karanga na mkoba begani. Mlangoni mwa behewa la daraja la tatu alisimama mwanamume aliyekuwa kana kwamba anashuka, lakini hashuki wala hapandi. Nyuma watu walisukuma. Kijana mmoja akamwambia kwa adabu, "Shikamoo mama, lete dumu nikupandishie," na Mama D. akainua dumu la kwanza kwa mikono miwili hadi usawa wa kifua, kisha la pili. Yule wa mlangoni akashuka ghafla akimpangua, msukumo ukalegea, naye akapanda.

Alipokaa ndipo alipoona ubavu wa mkoba umepasuliwa kwa wembe, mpasuko ulionyooka wa kama shubiri moja, upande uleule ambao pochi ilikuwa imeegemea.

Maamuzi aliyofanya na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupiga kelele. Alirudi mlangoni akalia, "Mwizi! Nimeibiwa!" bila kumtaja wala kumwonyesha mtu. Kijana mmoja mpagazi aliyekuwa akikimbilia behewa jingine na mzigo wa abiria alikamatwa papo hapo, akaanza kupigwa. Mama D. alisimulia sehemu hii kwa shida kuliko zote. Alimtazama usoni, akaona si yule aliyemsaidia dumu wala yule wa mlangoni, akashuka na kujitia katikati akisema, "Huyu simjui, msimpige, si yeye." Alipigwa kikumbo hadi akapoteza kiatu. Askari walifika, kijana akapekuliwa, hakuwa na kitu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuendelea na safari. Askari alimtaka aende ofisini kuandikisha maelezo, wakati huohuo treni ikipiga honi, na binti wa miaka 16 akiwa ndani peke yake na mizigo yote. Alipanda. Sioni kosa katika hilo, na ningefanya vivyo hivyo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kungoja. Aliamini kwamba laini ya simu haiwezi kufungwa mpaka mwenyewe aende kwenye ofisi ya mtandao na kuweka alama za vidole, kwa hiyo kuhusu simu hakufanya lolote hadi alipofika Kigoma alasiri ya siku ile.

Matokeo

Fedha taslimu zilizopotea ni shilingi 640,000. Alipofika kwenye ofisi ya mtandao na kupata laini mpya, aligundua kuwa akiba yake ya 215,000 iliyokuwa kwenye simu nayo ilikuwa imetolewa kwa wakala saa 12:40 asubuhi. Jumla ya hasara ikawa 855,000. Zile 120,000 za Mama S. zilifika zote, zikiwa bado ndani ya leso.

Siku ya tatu pochi iliokotwa tupu karibu na reli na mtu wa usafi, kitambulisho kikiwa ndani yake, na kikarudishwa Kigoma kupitia abiria anayefahamika. Polisi walimpa Mama D. taarifa ya upotevu iliyomsaidia kushughulikia laini, lakini hakuna mtu aliyekamatwa.

Uchambuzi: pochi ilijulikana kabla ya kuchomolewa

Watu wengi hudhani kibaka hubahatisha. Katika kisa hiki haielekei, kwa sababu mpasuko mmoja wa wembe uliifikia pochi moja kwa moja ndani ya mkoba uliokuwa pia na kanga, sabuni na chupa ya maji. Aliyepasua alijua pochi iko upande gani. Hatuwezi kusema ni lipi kati ya yale matukio manne ya kuifungua pochi lililomwonyesha, lakini tunaweza kusema kwamba matatu kati yake hayakuwa na ulazima wowote: asali, bajaji na chai vingeweza kulipwa kwa shilingi 30,000 au 40,000 zilizotengwa mapema kwenye mfuko wa mbele, zikiwa noti ndogondogo. Fedha ya njiani na fedha ya mtaji zilipolala mahali pamoja, kila kikombe cha chai kiliufunua mtaji.

Kupapasa nako kulifanya kazi ileile. Mkono wa mtu mwenye wasiwasi huenda palipo na hazina yake, na anayetazama kutoka pembeni hana haja ya kuuliza. Hili nimeliona kwangu pia tangu nianze kulichunguza, kwani kila gari linapojaa mkono huondoka wenyewe. Dawa yake, kadiri nilivyojifunza, si kujikataza, maana wasiwasi haukatazwi. Ni kuweka fedha mahali ambapo mwili wenyewe unazihisi, yaani zibane kiunoni au chini ya nguo, ili usihitaji kuzigusa kwa mkono kujua zipo. Mama D. hakuzigusa hata mara moja zile za kibindoni usiku ule. Alizihisi tu.

Uchambuzi: mizigo mingi kuliko mikono

Vitu vinne kwa mwanamke mmoja mlangoni mwa treni maana yake ni kwamba, kwa muda wa kupandisha dumu, mkoba hauna mlinzi. Mwanamume wa mlangoni alimsimamisha, waliokuwa nyuma walimbana, na msaada wa dumu uliinua mikono yake juu. Sina ushahidi kwamba kijana aliyesema shikamoo alikuwa mmoja wao, na nisingependa tujenge desturi ya kumshuku kila anayetusaidia mizigo, kwani wengi ni watu wema wanaotafuta riziki. Lakini msaada wa namna hiyo ukubaliwe mkoba ukiwa umevutwa mbele, chini ya kitenge au khanga iliyofungwa juu yake, si ukining'inia ubavuni.

Kosa kubwa zaidi hapa, kwa maoni yangu, lilikuwa kumtanguliza binti. Wasafiri wawili waligeuka kuwa mmoja mmoja ndani ya dakika tano ambazo kila mmoja alimhitaji mwenzake. Binti angesimama nyuma ya mama yake, mgongo kwa mgongo wakati wa kupandisha, wembe usingepata nafasi. Nafasi ya mizigo waliyoikimbilia ingepatikana tu, hata kama ni ya tabu.

Uchambuzi: saa nne na dakika arobaini

Sehemu hii ndiyo inayoniuma kupita zote, kwa kuwa hasara yake ilizuilika hata baada ya wizi. Kati ya saa 8 usiku na saa 12:40 asubuhi, shilingi 215,000 zilikuwa bado za Mama D. Wezi walikuwa na simu, lakini mawakala walikuwa wamelala.

Walijuaje namba ya siri? Alikuwa ametumia mwaka wake wa kuzaliwa. Simu haikuwa na nywila ya kuifungua, na kando yake, ndani ya pochi ileile, kilikuwepo kitambulisho cha Taifa. Kitambulisho hicho hakionyeshi tarehe ya kuzaliwa peke yake. Hata ile namba yake ya tarakimu 20 huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nayo. Kuviweka vitu hivyo viwili pamoja ni sawa na kufunga mlango na kuuachia ufunguo kitasani.

Kuhusu kufunga, alichokiamini kilikuwa nusu ya ukweli. Kupata laini mpya kunahitaji kwenda mwenyewe na kuhakikiwa kwa alama za vidole, lakini kuomba laini na akaunti ya fedha zisimamishwe huweza kufanywa kwa kupiga huduma kwa wateja, namba 100, kwa simu ya mtu mwingine yeyote wa mtandao uleule, ukijibu maswali ya kukutambua. Simu ya binti ilikuwa ya mtandao mwingine. Behewa lilikuwa na abiria wengi, na hakuna ambaye angemnyima mama aliyetoka kuibiwa dakika tano za simu. Mtandao hukatika njiani, ni kweli, lakini treni ilikuwa bado Tabora mjini alipogundua, na baadaye ilisimama Urambo na Kaliua. Hakuomba kwa sababu hakujua kwamba kuna cha kuomba.

Uchambuzi: kelele ya mwizi

Tulibishana sana juu ya hili kikundini. Wapo waliosema kelele ndiyo silaha ya mnyonge. Mimi nasema kelele isiyoonyesha mtu humwangukia yeyote anayekimbia, na stesheni usiku kila mtu anakimbia. Wezi wenyewe, kwa uzoefu wao, huenda walikuwa wanatembea taratibu. Wakati umati ukimzunguka mpagazi, macho yote yalielekea upande mmoja, na huo ndio muda ambao wenye pochi waliuhitaji ili waondoke.

Sheria yetu inautazama wizi wa kumchomolea mtu kwa ukali kuliko wizi wa kawaida: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa wizi wa kawaida, na hadi miaka 10 kwa wizi wa kitu kutoka mwilini mwa mtu. Adhabu hiyo ni ya mahakama. Kumpiga mshukiwa ni kosa la jinai kwa kila aliyenyoosha mkono, na kijana yule, ambaye hakuwa hata mshukiwa, alitoka pale akiwa amechanika juu ya jicho na mzigo wa mteja wake umemwagika. Ninamheshimu Mama D. kwa kushuka na kusimama katikati. Katika usiku mzima huo, ndicho kitendo alichokifanya kwa ukamilifu, na alikifanya akiwa amepoteza kila kitu dakika chache zilizopita.

Hesabu ya deni

Fedha za Mama R. zilizua swali ambalo hatukuwa tumeliandika popote: mtu akibeba fedha ya mwenzake kwa hiari, ikaibiwa, nani anabeba hasara? Mama R. alitaka zote 260,000. Wengine walisema asilipwe chochote, kwa kuwa kuibiwa si kula. Tulikaa vikao viwili. Kilichogeuza mjadala ni leso ya Mama S., maana ilionyesha kwamba uangalifu uliwezekana na kwamba Mama D. aliujua, lakini pia kwamba Mama R. hakuuomba. Tukaamua walipane nusu kwa nusu, Mama D. arudishe 130,000 kwa awamu tano za shilingi 26,000. Mama R. alikubali, ingawa si kwa moyo mweupe, na sidhani kwamba tunapaswa kumlaumu.

Tulichobadilisha

Sasa kila anayebeba fedha za wenzake huziandika kwenye daftari kabla ya kuondoka: ni za nani, zitakaa wapi mwilini, na kiasi gani kinapitia kwenye simu. Mtaji unaohitajika alfajiri ya kwanza ndio unaobebwa taslimu, na unaobaki unawekwa kwa wakala hukohuko Tabora, makato yakigawanywa kwa wote. Fundi cherehani mmoja wa Mwanga ametushonea mifuko ya zipu ndani ya magagulo, chini kidogo ya kiuno, na wanaovaa suruali ndani wameshonewa upande wa mbele. Kitambulisho kinakaa peke yake, na kivuli chake kinabaki nyumbani. Namba za siri zote zilizokuwa za mwaka wa kuzaliwa zilibadilishwa mbele yangu, kila mtu akigeuzia mwenzake mgongo, na katika wanachama 14 waliokuwepo, 9 ilibidi wabadilishe.

Mama D. amekwishasafiri tena mara mbili. Safari ya kwanza alimtafuta yule mpagazi pale stesheni, akampa pole mbele ya wenzake ili waliomwona akipigwa wasikie kwamba hakuiba. Awamu ya nne ya deni la Mama R. imelipwa mwezi huu.